Mama Ève wa Kamina Kwenye Karnavali ya Jacmel

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Wiki nzima, ndugu msomaji, tumemwacha Émerence katikati ya barabara ya watu, na shetani amemshika mkono. Wengine mmenisimamisha mpaka mbele ya gare ya treni mkitaka nitoboe siri. Nimekataa. Sasa kaa vizuri.

Shetani yule alikuwa na pembe mbili za ng'ombe kichwani na kamba nene kiunoni. Alikuwa amejipaka masizi yaliyokorogwa na asali ya miwa toka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, mweusi ti, anang'aa juani, huoni cha mtu isipokuwa macho na meno. Walikuwa wengi wa namna ile mjini Jacmel siku ile. Walikimbiza watu mbele ya nyumba za zamani za matajiri wa kahawa, zile zenye baraza za chuma juu, na watu walikimbia huku wanacheka.

Émerence hakucheka. Alivaa blauzi nyeupe na kitenge cha akina mama wa kanisa la Kamina, na tayari vidole vitano vyeusi vilikuwa vimejichora kwenye mkono wa blauzi.

"Mama Ève!" alipiga kelele Mama Denise toka ng'ambo ya barabara. "Mama Ève, kimbia! Ile haiko muntu!"

Wewe unayetusoma leo mara ya kwanza, jua haya tu. Mwaka ni 1985. Émerence ni binti wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Kamina. Florent, profesa wa hesabu kutoka Haïti aliyekuja kufundisha kwetu, alimwoa kanisani, wakazaa mtoto wa kike, Ève. Mwaka 1972 mtoto akiwa na miaka sita, baba alimchukua akamwonyeshe kwa bibi yake kule Haïti. Miezi miwili tu, alisema. Miezi hiyo miwili imekuwa miaka kumi na miwili.

Sasa kanisa limewatuma akina mama kwenye mkutano Port-au-Prince. Kule Émerence amesikia kwamba watu wa Florent wako Jacmel, na leo, Jumapili ya karnavali, ametoroka mkutano. Mama Denise, mke wa ajida wa base ya askari na présidente wa akina mama, amemfuata akinung'unika njia nzima. Gari walilokodi linarudi saa kumi. Ndege ni kesho asubuhi. Akimkosa mtoto leo, amemkosa kabisa.

Basi, Mama Denise alipoita lile jina, mkono wa shetani ulilegea.

"Amekuitaje?" shetani aliuliza kwa Kifaransa.

Ilikuwa sauti ya msichana.

"Ameniita Mama Ève," alijibu Émerence. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya masista.

"Ève gani?"

"Mtoto wangu. Ève Ngoie. Binti ya profesa Florent."

Msichana alivua zile pembe taratibu, akazishika kwa mikono miwili tumboni. Wenzake walipita wanapiga makelele, mmoja akamvuta kwa kamba, hakugeuka.

"Mama yake Ève alikufa," alisema. "Alikufa kwa homa, kule Zaïre."

"Nani alikuambia?"

"Baba yangu."

Yesu na Maria! Miaka kumi na miwili Émerence akiomba aone uso ule, na sasa uko mbele yake, umefunikwa na masizi. Alinyoosha kidole, akakigusa kidevu, kidole kikarudi cheusi.

"Nawa uso, mwanangu. Nawa nikuone."

"Haitoki kwa maji," alisema Ève. Alikuwa bado anamtazama kama anayesoma maandishi madogo. "Inataka mafuta na saa nzima ya kusugua."

Mama Denise alifika anahema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Eh! Mama Ève! Mutoto yako njo huyu? Musichana na mapembe?" Akajipiga kifuani. "Bwana Yesu, sisi tulikuwa tunaombea mutoto ya kanisa!"

"Nyamaza kwanza, Mama Présidente," Émerence alimwambia. "Minyi nimemupata. Acha avae hata mapembe kumi."

Ève aliwapeleka nyumbani. Nyumba ilikuwa kwenye kona, sebule ndogo yenye viti vya majani na meza iliyojaa vitabu vya hesabu. Émerence aliona vile vitabu, akajua ni vya nani.

"Florent yuko wapi?"

"Amekufa," alisema Ève. "Mwezi wa kumi na moja. Mapafu."

Alisema hivyo tu. Émerence alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Njiani toka Port-au-Prince alikuwa amepanga matusi ya kumtukana mwanaume yule, moja baada ya moja, na mengine ya Kiluba kabisa ili yamwingie vizuri. Sasa hakuwa na mtu wa kumpa. Akalia, na Mama Denise akalia naye, kwa maana kwetu mama haachwi kulia peke yake.

Ève hakulia. Alisimama karibu na meza asichafue viti, masizi yanamdondoka sakafuni.

"Madame," alisema, "nataka kukuuliza kitu. Kabla sijakuita jina lingine, lazima nikuulize."

"Uliza."

"Siku mbili kabla hajafa, baba aliniita. Akaniambia, 'Ève, nilikudanganya. Mama yako hajafa. Nilimwandikia aje, akairudisha barua. Hakututaka. Nikaona ni afadhali umlilie marehemu kuliko kumngoja mtu asiyekutaka.'"

Émerence aliacha kulia.

"Nikamwambia ni mwongo," aliendelea Ève. "Mimi nilimkumbuka mama yangu. Nilikumbuka ananibeba mgongoni tunakwenda kumngoja babu pa gare. Nikamwambia, 'Mama yule hawezi kurudisha barua, neno la juu yake umeliandika wewe mwenyewe.' Nikamwambia sitaki kumwona tena, na sikuingia chumbani mwake siku ile wala kesho yake. Walikuja kuniambia amekufa niko jikoni."

Alifuta mikono kwenye kitambaa, akavuta kisanduku cha meza, akatoa bahasha.

Bahasha ilikuwa ya rangi ya samawati, pembeni imeliwa na mende. Juu yake iliandikwa: Madame Émerence Kalenga, telefoni ya gare, Kamina, Zaïre. Jina lilikuwa limepigwa mstari wa wino mwekundu. Chini ya mstari neno moja la Kifaransa: Inconnue. Hajulikani. Na muhuri wa Kamina, mwezi wa tatu 1973.

"Haijafunguliwa," alisema Ève. "Baba hakuifungua tena, na mimi sikuthubutu. Nataka uniambie tu: nani aliandika neno hili?"

Hapa, msomaji, kabla Émerence hajajibu, twende Kamina mara moja. Hatutakawia.

Mwaka ule wa 1973 majina ya ubatizo yalikuwa matata, serikali ilikuwa imeyakataza. Ninyi vijana hamjui. Leo ninaandika Émerence gazetini na hakuna wa kunifuata, lakini wakati ule Émerence alikuwa citoyenne, yaani raia, Ngalula, na ole wako ujisahau. Padri aliyebatiza kwa jina la Kizungu aliitwa kujieleza. Pale gare kulikuwa na karani, Jean. Noeli alipata kadi toka kwa dada yake aliye Ubelgiji, juu imeandikwa "Jean". Wiki iliyofuata Jean hakuwa na kazi, wala nyumba ya kambi. Tulimwona na mke na batoto wanapanda treni ya Kabongo na godoro.

Émerence alikuwa kwenye telefoni, vyombo masikioni, anaunganisha Kamina na Bukama. Mlango ulifunguliwa. Aliingia Likoke wa posta na barua mkononi, mtu mwema, mtu wa jimbo la Équateur mwenye sauti kubwa kuliko kazi yake.

"Mukanda ya Madame Émerence! Émerence Kalenga! Njo nani hapa?"

Na nani alikuwa amekaa kwenye kona siku ile anakunywa chai? Citoyen Mwila, mkubwa wa vijana wa chama pale kazini. Aliweka kikombe chini.

"Émerence?" alisema Mwila. Akatabasamu. "Kumbe kuko bado bantu ya majina ya Bazungu mu hii biro ya kazi? Citoyenne Ngalula, weye uko hapa siku mingi. Unamujua huyu Émerence?"

Émerence aliitazama bahasha. Aliona mwandiko. Ile K ya Florent yenye mkia mrefu aliijua hata gizani. Miezi minane alikuwa akiingoja K ile. Alikuwa ameandika Port-au-Prince kwenye anwani ya zamani mpaka vidole vikamuuma, hakuna jibu.

Kisha akafikiri: baba yangu amelala kitandani nyumbani, wadogo zangu wanne wanakula kwa telefoni hii. Nikatae sasa, saa sita nitamufuata Likoke posta, nitamwambia, atanipa.

"Simujui," alisema. "Hakuna muntu ya ile jina hapa."

Likoke alimtazama. Likoke alikuwa amekula kwake Noeli.

"Kweli, mama?"

"Nimeshasema. Niko na Bukama mu telefoni, uniache nitumike kazi."

Likoke hakuwa mjinga, lakini Mwila alikuwa amesimama tayari nyuma yake, anamwangalia mikono. Akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaandika.

Saa sita kamili Émerence alikimbia posta juani, viatu mkononi. Likoke akamwambia gunia la barua limeondoka na treni ya saa tano. Alisema kwa sauti ndogo, na alikuwa na haya kuliko yeye. Émerence hakumwambia mtu yeyote habari ile, si baba yake, si padri, si Mama Denise anayezijua siri zake zote hata zile za kijinga. Anwani ya nyuma ya bahasha hakuwahi kuisoma.

Rudi sasa Jacmel. Ève anangoja.

Émerence alifungua mdomo. Na nani akajibu badala yake? Mama Denise, bila shaka. Mama Denise hajawahi kuacha swali likae bure.

"Posta!" alisema kwa Kifaransa chake cha kambi ya askari. "Posta yetu, mwanangu! Unaijua Zaïre wewe? Jina lilibadilishwa, wao hawajui nani ni nani, wanaandika tu! Barua ya mume wangu toka Kitona ilirudi mara mbili, na yeye ni ajida! Mama yako alikuwa anakungoja kila siku. Kambi nzima inamwita Mama Ève. Wakati wa kukataza majina tulimwita Mama Ngoie, lakini siku zote ni mama yako tu. Muulize mtu yeyote pale Kamina."

Kila neno alilosema Mama Denise aliliamini. Ndiyo maana lilisikika kweli.

"Posta," alisema Ève.

"Posta, wallahi... nisamehe Bwana. Posta!"

Basi yule mtoto akavunjika. Aliangusha pembe, akaja, akapiga magoti mbele ya kiti cha Émerence, akaingiza kichwa chote kwenye mapaja yake, masizi, asali na vyote. Mabega yalikuwa yanaruka. Akasema kitu kwenye kitenge, na Émerence akainama kusikia.

"Nilijua," alikuwa anasema. "Nilijua, nilijua, nilijua."

Enyi akina mama mnaonisoma, niambieni. Mngefanya nini? Uzito wa kichwa cha mtoto uko kwenye mapaja yako. Gari linangoja, ndege ni kesho, na uongo umeshasemwa na mtu mwingine, wewe huhitaji hata kuurudia. Unachotakiwa ni kunyamaza tu. Émerence alinyamaza. Alimpapasa nywele zilizonata, akavuta harufu yake chini ya ile ya asali, na akanyamaza kwa muda ambao mimi sitaki kuuhesabu.

"Tufungue barua," alisema Ève akiinua kichwa. "Wewe na mimi. Nisomee."

Émerence aliifungua kwa kidole. Ilikuwa karatasi moja. Alisoma kwa sauti:

"Émerence wangu. Mkataba wangu wa kazi umekatwa, hawanipi tena visa ya kurudi. Ève analia kila jioni, anakuita, anakataa kula kwa mama yangu. Njoo wewe. Nimeshaongea na mkuu wa shule hapa Jacmel, kuna nyumba. Andika neno moja tu, ndiyo, nitatuma tikiti. Usiogope bahari. Nimeandika jina lako la kanisani kwa sababu ndilo nililokuolea. Barua hii ikirudi nitajua umechoka na sisi, na sitakusumbua tena."

Nje ngoma zilikuwa zinapita.

"Neno moja," alisema Ève. "Maskini baba. Kumbe hakukosea wewe wala yeye. Alikosea mtu wa posta tu." Akafuta pua kwa mkono mweusi. "Kesho nitakwenda kaburini kumwambia. Nitamwambia, baba, ulikuwa unasema uongo bila kujua."

Hapo ndipo Émerence alipoona kwamba haiwezekani. Kwamba mtoto huyu ataenda kaburini kumwambia baba yake, kwa mara ya pili, kuwa ni mwongo. Na kwamba safari hii atakayekuwa amemtuma ni yeye.

"Ève," alisema. "Si posta."

"Nini?"

"Ni mimi. Mtu wa posta aliuliza mbele ya watu nani anaitwa Émerence. Niliuona mwandiko wa baba yako. Niliujua. Nikasema hakuna mtu wa jina hilo."

Mama Denise alishika mdomo.

"Niliogopa kufukuzwa kazi," Émerence aliendelea haraka, kabla moyo haujamrudisha. "Nikafikiri nitaifuata saa sita. Saa sita treni ilikuwa imeondoka. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Sina kingine. Baba yako hakukudanganya siku ile ya mwisho. Alikuambia kama alivyoona."

Ève alisimama. Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka meza ikamzuia.

"Alikuwa hawezi hata kukaa," alisema. "Nikamwambia sitaki kumwona. Alikuwa ananiita toka chumbani, nikaongeza sauti ya redio."

"Ève..."

"Nikaongeza sauti ya redio!"

Honi ya gari ilipiga kwenye kona. Ilipiga tena. Mama Denise alikwenda mlangoni, akarudi, machozi yanamtoka, saa mkononi na mkoba kwapani.

"Mama Ève, njo saa kumi ile. Chauffeur anasema anaenda, barabara ya mulima inafungwa usiku. Passeport yako iko mu sakosh yangu. Mama, tuende, juu ya Mungu! Utamwandikia."

Neno hilo, utamwandikia, lilimchoma Émerence kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Akasimama. Alitazama mlango, kisha mtoto. Hakuthubutu kumgusa.

"Mwanangu, ukisema niende, nitaenda," alisema. "Ukisema nikae, nitakaa, hata kama ni barazani. Usininyamazie tu."

Ève hakusema aende wala akae. Aliokota pembe zake sakafuni, akaziweka mezani juu ya vitabu vya baba yake. Kisha akachukua ile barua, akamkamata mama yake kifundo cha mkono, palepale penye vidole vitano vyeusi, na akamvuta nje.

"Unanipeleka wapi?"

Walipita kinyume cha watu. Karnavali nzima ilikuwa inateremka kuelekea baharini, wao wawili wanapanda. Watu waliwaona, shetani mweusi anamburuta mama wa kanisa mwenye blauzi nyeupe, wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliyevaa kichwa cha simba cha karatasi alimrushia Émerence maua. Nyuma, honi ilipiga mara ya tatu, na sauti ya Mama Denise ikaita Mama Ève, Mama Ève, mpaka ngoma zikaimeza. Émerence alisikia gari linawashwa. Hakugeuka.

Makaburi ya Jacmel yako juu, yamepakwa chokaa na rangi. La Florent lilikuwa bado udongo mtupu, na msalaba wa mbao. Ève alimwachia mkono. Alikuwa anahema, na kwa mara ya kwanza toka mchana alitafuta maneno ya Kiswahili, yale machache ya mtoto wa miaka sita, akayatoa moja moja.

"Baba iko hapa," alisema. "Minyi nimemuomba pardon siku mingi. Hananijibu."

Akaiweka barua juu ya udongo, akakaa chini kando yake, akamwangalia mama yake aliyesimama na kitenge kilichoharibika.

"Anza weye, Mama."